Ashoka: mufalme mwenye alishinda vita, kisha akaanza kupigana na moyo wake

Mwaka wa 1915, ku kijiji cha Maski, kusini mwa India, enjenyeri mumoja Muingereza, jina lake Beadon, alikuwa anatafuta zahabu. Ile sehemu ni ya zahabu tangu zamani sana, watu walichimba pale mbele Wazungu hawajafika. Lakini juu ya jiwe moja kubwa aliona maandishi ya kale. Wenye elimu walipoyasoma, walikuta mule jina la Ashoka. Nyinyi wa kazi ya mugodi munajua: mutu anatafuta kitu kimoja, anakuta kingine. Ile siku, mutafuta-zahabu alisaidia dunia kujua kwa hakika ni nani aliandikisha mawe mengi yenye yalitawanyika mu India yote.

Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya ule Ashoka. Sababu ni moja. Mu makartye yetu watu wengi wanabeba mambo ndani: hasira yenye inatoka ku kazi na kufika mupaka ku meza ya nyumba, haya juu ya jambo la zamani, tamaa ya franga yenye haishibake, na ile sauti yenye inasema: wewe hautabadilika hata siku moja. Ashoka alikuwa na hayo yote, na jeshi juu yake. Namna alianza kubadilika, na mahali alishindwa, vyote viwili vinaweza kutufundisha, tukiwa Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu ao Waislamu. Hatutafuti kumugeuza mutu dini yake. Tunaangalia maisha ya mutu.

Mutoto wa ufalme mukubwa

Babu yake, Chandragupta, alianzisha ufalme wa Maurya karibu mwaka wa 320 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Baba yake, Bindusara, aliupanua. Muji mukubwa ulikuwa Pataliputra, pembeni ya muto Ganges, pale leo pako muji wa Patna. Ashoka alitawala karibu mwaka wa 268 mupaka 232 mbele ya Yesu. Ufalme wake ulitoka ku milima ya Afganistani ya leo, ukafika karibu na mwisho wa India ya kusini.

Hadisi za zamani zinasema kama kijana Ashoka alikuwa mukali sana, na kama aliua ndugu zake 99 ili apate kiti. Siye hatutaweka uzito juu ya ile hesabu. Mu mawe yake mwenyewe, miaka mingi kisha kupata ufalme, anazungumuzia nyumba za ndugu zake na dada zake, na watumishi wenye anatuma kule. Ndugu wenye wamekufa wote hawana nyumba za kutembelewa. Kwa hiyo hadisi tunaiacha pembeni, na tunashika yenye yeye mwenyewe aliandikisha. Ile inatosha, na ni nzito.

Kalinga

Mwaka wa munane wa utawala wake, karibu 261 mbele ya Yesu, Ashoka alishambulia inchi ya Kalinga, ku pwani ya mashariki, mu jimbo lenye leo linaitwa Odisha. Alishinda. Wafalme wa zamani walipenda kuchonga ushindi juu ya mawe: nimevunja miji hii, nimekamata watumwa hawa, muniogope. Ashoka naye alichonga hesabu yake. Watu 150,000 waliondolewa ku makwao kwa nguvu. Watu 100,000 waliuawa. Na wenye walikufa kisha, tunafikiri kwa njaa, kwa ugonjwa na kwa vidonda, walikuwa mara nyingi kupita hao.

Lakini hakuandika ile hesabu kwa kujisifu. Aliandika kama inamuuma. Aliandika kama mule mulikuwa watu wa sala, watu wenye walikuwa wanaheshimu wazazi na wakubwa, wenye walikuwa wanatendea watumishi wao vizuri. Na aliongeza jambo moja lenye mujane yeyote mu kartye anaelewa: hata ule mwenye hakuguswa na upanga, aliumia, sababu rafiki yake ao mupendwa wake aliumia. Kisha akasema kama leo hata sehemu moja ya mia, ao moja ya elfu, ya wale watu ingeteseka vile, yeye angeihesabu kuwa jambo la huzuni kubwa.

Ni wafalme wangapi waliandika vile juu ya vita vyenye walishinda? Hata wakubwa wa leo, ni wangapi wanaandika juu ya ukuta kosa lenye hakuna mutu mwenye aliwalazimisha kulisema?

Mafundisho yenye alikuta

Buddha alikuwa amekufa vizazi vingi mbele ya Ashoka, lakini watawa wake walikuwa wanatembea mu inchi yote wakifundisha. Fundisho lao halikuanza na kuuliza nani aliumba mbingu. Lilianza na maumivu: yanatoka wapi, na namna gani yanaweza kupunguka.

Walifundisha kama mizizi ya ubaya mu moyo ni mitatu: tamaa, chuki, na upofu wa akili, ni kusema kutoona mambo vile yako. Tena walieleza namna ubaya unatembea ndani ya mutu, hatua kwa hatua. Kwanza kitu kinakugusa: neno, sura ya mutu, harufu ya pombe. Kisha unasikia kitu ndani: kitamu, kichungu, ao hapana kimoja. Kikiwa kitamu, unataka kukikamata. Kikiwa kichungu, unataka kukisukuma ao kukipiga. Kisha mukono unaenda. Mambo hayo yote yanaenda mbio kiasi mutu anafikiri ni jambo moja. Anasema: alinichokoza, nikamupiga. Kumbe katikati muliko nafasi kidogo. Kazi yote ya yale mafundisho ni kujifunza kuona ile nafasi.

Tutoe mufano wa kwetu. Shefu wa ekipi anamutukana mutu mbele ya wenzake. Ule mutu ananyamaza, juu anahitaji kazi. Anafika ku nyumba saa ya magaribi, mutoto anamwanga maji, anapigwa vibaya. Mutoto hakumutukana mutu. Uchungu wa asubuhi ulitembea saa kumi, ukatafuta mutu mudogo wa kuangukia. Mama wa nyumba anajua ile safari vizuri kabisa, hata kama hajasoma kitabu cha Buddha.

Dawa yao haikuwa kukaza meno na kumeza hasira, sababu hasira yenye imemezwa inatafuta mulango mwingine. Haikuwa pia kuimwanga yote inje. Walifundisha mutu kukaa kimya, kufuata pumzi yake, na kuangalia: sasa hasira inafika, sasa kifua kinakaza, sasa mukono unapata moto. Muchimbaji mwenye akili, mbele ya kuingia chini ya mwamba, anaugonga na chuma na kusikiliza sauti. Haugombanishi mwamba, hajidanganyi pia kama uko muzima. Anasikiliza, kisha anajua afanye nini. Wale watawa walifundisha kugonga moyo vile vile, kila siku, hata siku yenye hakuna kitu kinatingizika.

Walitenganisha tena haya za namna mbili. Iko haya yenye inasaidia: mutu anaona ubaya wake, anaumia, anageuka. Na iko ile yenye inazunguka mu kichwa usiku wote, inasema wewe ni mubaya, wewe ni mubaya, na asubuhi haijafanya kazi hata moja. Hii ya pili waliiweka pamoja na vizuizi vya moyo, karibu na tamaa na uvivu. Kwa maoni yao, mutu mwenye anajitesa bila kutengeneza kitu hajaanza kutubu.

Hakubadilika siku moja

Hapa njo maisha ya Ashoka yanakuwa ya faida. Watu wanapenda hadisi ya mutu mwenye anaona damu, analia, na kesho yake ni mutakatifu. Mawe yanasema ingine. Mu andiko lake moja, Ashoka anakubali kama alikuwa mufuasi wa Buddha zaidi ya miaka miwili na nusu, na kama mwaka mumoja wa kwanza hakukaza sana. Aliingia, lakini alikuwa mulegevu. Ni kisha kukaribia watawa ndipo alianza kutia bidii. Na akaongeza kama ile bidii haiko ya wakubwa tu, hata mutu mudogo akikaza anafika.

Mwaka wa kumi wa utawala wake, aliacha safari za kuwinda zenye wafalme walikuwa wanafanya, akaenda ku Bodh Gaya, ku muti wenye Buddha alikaa chini yake na kupata mwangaza. Tangu pale, safari zake zikawa za kuona wazee, kugawa musaada, na kuzungumuza na watu wa vijiji.

Tuangalie sasa jiko lake. Zamani, anasema, mu jiko la mufalme walikuwa wanaua wanyama mamia ya maelfu kila siku kwa ajili ya muchuzi. Ni hesabu ya jumba lenye kulisha watu wengi, labda na maneno ya kupitisha kidogo. Wakati anaandikisha lile jiwe, walikuwa wanaua watatu tu: tausi wawili na swala mumoja, na ule swala haikuwa kila siku. Na akaahidi kama hata hao watatu wataacha.

Tunapenda ile hesabu sababu haijaisha. Mufalme angeweza kungoja mupaka afike sifuri, kisha atangaze. Alitangaza akiwa njiani. Baba mwenye anataka kuacha lutuku, mama mwenye anataka kuacha kukopa kwa faida kubwa kila mwisho wa mwezi, anaweza kujifunza pale. Kama jana zilikuwa chupa tano na leo ni mbili, sema mbili. Usiseme sifuri, usiseme tena kama haina maana sababu haijakuwa sifuri.

Toba yenye iko na mikono

Ashoka hakubaki na machozi. Alipandisha miti pembeni ya barabara ili watu na wanyama wapate kivuli. Alichimbisha visima na kujenga nyumba za wasafiri. Alipanga matunzo kwa watu na kwa wanyama, na pale dawa za mizizi na majani hazikuwako, alizileta na kuzipanda. Alitangaza kama habari za watu zinaweza kumufikia saa yoyote, akiwa anakula, akiwa mu nyumba ya wake zake, akiwa mu bustani.

Juu ya dini, yeye mwenyewe alikuwa wa Buddha, lakini aliheshimu wote. Mu vilima vya Barabar, mu jimbo la Bihar, mafundi wake walichonga mapango ndani ya mwamba mugumu wa graniti, wakasugua kuta mupaka zikangaa sawa kioo. Nyinyi wenye munajua ugumu wa mwamba, fikirini ile kazi, na vyombo vya ule wakati! Yale mapango hakuwapa watawa wake. Aliwapa Waajivika, watu wa dini ingine, wapate pa kulala wakati wa mvua. Na akaandikisha mahali pengine kama mutu mwenye anasifu dini yake kwa kupaka ya wenzake matope, anaharibu dini yake mwenyewe. Mu makartye yetu, pale kila kona iko na kanisa na kila kanisa iko na kipaza-sauti, lile neno lingefaa lisikilizwe.

Kwa wakubwa wa kazi wa Kalinga, wenye walikuwa wanahukumu watu, alitoa orodha ya vitu vyenye vinaharibu haki: wivu, hasira, ukali, haraka, kukosa mazoezi, uvivu na uchovu. Tuone haraka na uchovu. Hakusema tu wawe watu wazuri. Aliona kama mutu muzuri akichoka na kufanya mbio, anaumiza wengine. Mutu yeyote mwenye alitoka kazi ya usiku na kukuta makelele ku nyumba anajua kama ni kweli.

Pale alishindwa

Tusimupake Ashoka marangi ya mutakatifu. Kalinga hakuirudisha. Haisomeki mahali popote kama wale watu 150,000 walirudishwa kwao. Adhabu ya kifo haikutoka, ila aliwapa wenye kuhukumiwa siku tatu, ndugu zao wapate kuwaombea ao wao wajitayarishe. Watu wa misitu, wenye hawakumutii, aliwakumbusha kama hata mu majuto yake yuko bado na nguvu ya kuwaazibu.

Na iko jambo lenye linatusumbua zaidi. Yale majuto makubwa juu ya Kalinga yamechongwa mbali, ku magaribi na ku kaskazini ya ufalme. Lakini ku Dhauli na ku Jaugada, mu Kalinga yenyewe, lile andiko halimo. Mahali pake aliweka mengine, yenye yanasema kama watu wote ni watoto wake na yenye yanaagiza wakubwa wasiwafunge watu bila sababu. Wamoja wanasema hakutaka kutonesha kidonda. Wengine wanasema aliogopa uasi. Kwa vyovyote, watu wa mbali walisoma majuto yake, na mujane wa Kalinga mwenyewe hakuyasoma.

Je, hatufanyi vile? Mutu anasimama mbele ya kanisa nzima, anashuhudia namna alikuwa mulevi na mupiganaji, watu wanapiga makofi. Lakini bibi yake mwenye alipigwa, hajasikia hata siku moja akimuambia peke yake, ndani ya nyumba, bila makofi: nilikukosea. Kusema ku watu wa mbali ni rahisi. Hawawezi kukuuliza kitu.

Miaka kumi na munane kisha

Mwaka wa 26 wa utawala wake, kukiwa kumepita miaka 18 tangu Kalinga, Ashoka aliandikisha juu ya nguzo jambo lenye linaonyesha kama alikuwa bado anapigana ndani. Alisema kama mutu anaona mema yake tu, anajiambia nimefanya hiki kizuri, lakini ubaya wake hauone. Alikubali kama kujichunguza ni kazi ngumu. Kisha akataja vitu vyenye vinamuvuta mutu ku ubaya: ukali, ukatili, hasira, kiburi na wivu, na akaomba visimuangushe. Mufalme muzee, mwenye visima na miti mu inchi yote, alikuwa bado anachunga hasira yake. Hakujisemea amepona.

Mwaka wenye ulifuata, alisema kama aliendesha watu kwa njia mbili: kwa makatazo, na kwa kuwasaidia kufikiri ndani. Akaona kama makatazo yalifanya kidogo, ile ya pili njo ilifanya mengi. Hata mu nyumba ni vile. Mutoto mwenye anaogopa fimbo anangoja tu baba aende ku kazi.

Ashoka alikufa karibu mwaka wa 232 mbele ya Yesu. Kisha miaka karibu hamusini ufalme ukavunjika. Maandishi yakawa hayasomeki tena, watu wakapita pembeni ya nguzo bila kujua zinasema nini, mupaka Muingereza James Prinsep alipofungua ile alfabeti mwaka wa 1837. Mwaka wa 1958, ku Kandahar, walikuta ingine, mu Kigiriki na mu Kiaramu. Leo gurudumu lake liko katikati ya bendera ya India, na simba wanne wa nguzo yake ya Sarnath ni alama ya ile serikali.

Tukitaka kuchukua kitu ku maisha yake, tuchukue vitatu. Magaribi, mbele ya kulala, tuhesabu yenye tulifanya siku ile, mema na mabaya, bila kuruka yale ya pili. Mbele ya kufungua mulango wa nyumba, tusimame kidogo, tufuate pumzi tatu, tujiulize uchungu huu unatoka wapi na nani atauangukia. Na lile lenye Ashoka hakulifanya, tulifanye siye: tuende ku mutu mwenyewe tulimuumiza. Ufalme haukuhitajika kwa hayo, wala jiwe la kuchonga. Na wale wa nyumba yetu, tofauti na watu wa Kalinga, wako karibu, wanaweza kutusikia leo jioni.